Kipunji si Ngolaga

Julai 2004 Trevor Jones, mtafiti kutoka Uingereza, aliingia katika msitu wa Ndundulu, ndani kabisa ya Milima ya Udzungwa, akimtafuta mnyama ambaye hakuwamo. Wataalamu wa ndege waliopita humo miaka ya nyuma walikuwa wameripoti kwamba juu ya miti waliona kima wa aina ya mangabei. Mangabei aliyejulikana katika milima hiyo alikuwa mmoja tu, yule wa Sanje ambaye wenyeji wanamwita ngolaga. Kwa hiyo kila mtu aliona jambo ni rahisi: ngolaga wako Ndundulu pia, na kilichobaki ni mtu kwenda kuthibitisha.

Jones alipomwona mnyama mwenyewe aligundua kwamba huyu ni mwingine kabisa. Alikuwa na manyoya marefu ya kahawia na uso mweusi. Utosini palisimama shungi la nywele, na ncha ya mkia ilikuwa nyeupe. Hata mlio haukuwa wa ngolaga. Kwa miaka kadhaa kiumbe ambaye sayansi haikuwa na jina lake alikuwa ameandikwa kwenye ripoti kwa jina la jirani yake, na kwa sababu alikuwa na jina, hakuna aliyemtafuta.

Kisa hicho kinanifanya nisikubaliane na watu wanaodhani kuainisha wanyama ni kazi ya wazee wa makumbusho ya Ulaya, ya kubishana juu ya maneno ya Kilatini. Tanzania ina kima wawili wa aina hii ambao hawapatikani popote pengine duniani, ngolaga na kipunji, na wote wawili wamo hatarini kutoweka. Ukiwachanganya unapoteza mmoja bila kujua. Ukiwatenganisha sawasawa unaanza kuona kwamba kila mmoja anauawa kwa njia yake, na kila mmoja anahitaji kulindwa kwa njia yake.

Niseme kwanza neno juu ya majina yetu. Lugha yetu ina uainishaji wake wa zamani, na ni mzuri. Nyani ni yule mkubwa wa pua ndefu anayetembea nyikani kwa makundi. Tumbili ni mdogo wa uso mweusi anayependa pembezoni mwa mashamba. Mbega ana joho jeusi na jeupe, na kima ni wa msituni. Siku hizi magazeti na redio zimeyaacha maneno hayo yakafifia, kila mwenye mkia na vidole vitano anaitwa nyani, na hata kipunji ameshaitwa "nyani mpya". Katika makala haya neno kima nalitumia kwa maana pana, kwa wanyama wote wa jamii hiyo, na neno nyani nitalihifadhi kwa ajili ya nyani. Mbele kidogo msomaji ataona kwa nini tofauti hiyo ina uzito.

Aliyetangulia kujulikana ni ngolaga. Ukitoka Mikumi kwa barabara inayopita Kidatu kuelekea Ifakara, mkono wa kulia milima inasimama ghafla kama ukuta, na chini yake yamebanana mashamba ya miwa, mpunga na vijiji. Sanje ni kimojawapo cha vijiji hivyo, na juu yake maporomoko ya maji yanashuka kwa jumla ya mita zipatazo 170. Huko, mwaka 1979, walifika watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers. Homewood alikuwa amefanya utafiti wake wa udaktari kando ya Mto Tana nchini Kenya, juu ya mangabei wa mto huo. Masikio yake yalikuwa yameshazoea wito wao: sauti moja inayopaa juu, kimya kifupi, kisha mfululizo wa mabwabwajo kama ya bata mzinga. Sasa aliusikia wito huo kwenye mteremko wa Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka Tana, mahali ambapo vitabu havikuwa na mangabei hata mmoja.

Kwa watu wa pale hakukuwa na fumbo lolote. Huyo ni ngolaga, walisema. Walimjua kwa jina, kwa mlio na kwa tabia. Sayansi ilipata habari zake rasmi mwaka 1981, na jina la Kilatini lenye kumtaja Sanje, *sanjei*, likaja mwaka 1986. Mwanzoni alihesabiwa kuwa tawi tu la mangabei wa Tana. Baadaye wataalamu wengi, akiwemo Colin Groves wa Australia, walimpa hadhi ya spishi kamili: *Cercocebus sanjei*.

Kipunji alichukua muda mrefu zaidi. Kule Nyanda za Juu Kusini, mlima Rungwe una mita 2,960 na misitu yake imefunikwa na ukungu sehemu kubwa ya mwaka. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja mnyama mwenye aibu anayeitwa kipunji. Wanyakyusa wana hadithi nyingi za wanyama, wengine wa kweli na wengine wa kufikirika, na watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS waliposikia jina hilo mwanzoni mwa 2003 hawakuwa na hakika wamweke upande gani. Tim Davenport na wenzake, wakiwemo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, waliendelea kuuliza na kupanda mlima. Kabla ya mwaka huo kwisha walikuwa wamemwona kwa macho yao, Rungwe na katika msitu wa Livingstone ulioungana na Kitulo.

Kwa hiyo vikundi viwili, cha Jones kule Ndundulu na hiki cha Davenport, vilimpata mnyama mmoja, kila kimoja bila habari za mwenzake, katika misitu iliyoachana kwa takriban kilomita 350. Walipotambua wamekutana na kitu kile kile waliandika pamoja. Tarehe 20 Mei 2005 jarida la Science lilimtangaza kipunji kwa ulimwengu. Jina la spishi halikubadilishwa. Ni lile lile la Wanyakyusa, *kipunji*, na nadhani wote waliohusika walistahili sifa kwa uamuzi huo.

Hapo ndipo kazi ngumu ya uainishaji ilipoanza, na ili kuifuata ni lazima turudi nyuma kidogo kwa neno mangabei lenyewe. Neno hilo limezaliwa kwa makosa. Buffon, mwanazuoni Mfaransa wa karne ya 18, alilitoa kwenye jina la mahali nchini Madagaska, akiamini kwamba kima hao walitoka huko. Madagaska haina kima wa asili hata mmoja. Jina likabaki. Kwa muda mrefu likabeba kosa la pili, kubwa zaidi: kwamba kima wote wa Afrika wenye mwili mwembamba, mkia mrefu na mashavu yaliyobonyea ni ukoo mmoja.

Mwaka 1976 wanasayansi Cronin na Sarich walilinganisha protini za damu zao na kukuta kwamba mangabei ni koo mbili zilizofanana sura tu. Ukoo mmoja, *Cercocebus*, ni ndugu wa mandrili, yule mwenye uso wa rangi rangi anayetembea kwenye sakafu ya misitu ya Afrika ya Kati. Ukoo wa pili, *Lophocebus*, kina yule mangabei mweusi wa juu mitini anayeonekana Kibale nchini Uganda na katika misitu ya Kongo, uko karibu zaidi na nyani.

Ushahidi wa mifupa ulikuja baadaye, na kwangu mimi ndio unaovutia kuliko wote. John Fleagle na Scott McGraw walionyesha mwaka 1999 kwamba *Cercocebus* na mandrili wanashiriki alama zisizoonekana kwa macho ya haraka haraka: magego ya mbele makubwa yaliyopanuka, na mifupa ya mikono iliyojengwa kwa nguvu za kuvuta, kupekua na kupasua. Ni mwili wa mnyama anayetafuta riziki chini. Hubomoa magogo yaliyooza akatoa wadudu, hufukua majani makavu, na huokota mbegu ngumu ambazo wengine wameziacha akazivunja kwa meno. Ngolaga hufanya hivyo hivyo Udzungwa. Mbegu za mti wa Parinari, zenye ganda gumu kama kokwa, kwake ni chakula muhimu, na huweza kuzipata chini ya mti muda mrefu baada ya msimu wa matunda kupita. Mtazame: manyoya ya kijivu, uso wa rangi ya waridi iliyochanganyika na kijivu, kope za juu zenye weupe unaomeremeta anapopepesa. Anapita chini ya miti na kundi lake la makumi kadhaa, akipekua kila kitu.

Kipunji ni wa juu. Anaishi kwenye vilele vya miti, Rungwe na Kitulo kati ya mita 1,750 na 2,450 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku baridi hupenya mifupani na manyoya yake marefu si pambo. Anakula majani machanga, matunda, magome, kuvu na wadudu, na mimea anayoila ni ya aina zaidi ya 100. Kope zake ni nyeusi. Mlio wake hauna mabwabwajo. Ni mzito na wa chini, kati ya mbweko na honi ya gari, na madume huutoa makundi mawili yanapokaribiana. Kwa sababu ya maisha yake ya juu na kope zake nyeusi, waandishi wa 2005 walimweka katika ukoo wa pili, wakamwita *Lophocebus kipunji*.

Uamuzi huo ulitegemea picha. Hakuna kipunji aliyeuawa ili apelekwe makumbusho, na watafiti walisema wazi kwamba kumuua mnyama adimu kiasi hicho kwa ajili ya kumpa jina lisingekuwa jambo la haki. Baadhi ya wanataaluma walinung'unika kwamba kanuni zinataka mwili, wengine wakajibu kwamba kanuni zinaruhusu picha ya mnyama halisi. Mimi niko upande wa waliokataa kuua.

Lakini mwili ulipatikana, na si kwa bunduki ya mtafiti. Agosti 2005, karibu na Rungwe, kipunji dume ambaye bado hajakomaa alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima ndani ya shamba la mahindi. Yeyote aliyelinda mahindi mlimani anaelewa mtego ule uliwekwa kwa nini. Mabaki yalihifadhiwa, yakapelekwa Field Museum ya Chicago, na kikundi cha William Stanley, Link Olson na wenzao wakapima fuvu na kusoma DNA ya nyama.

Matokeo yakawashangaza. Fuvu halikuwa la nyani hata kidogo: uso mfupi, hakuna pua ndefu. Kwa macho ni mangabei. DNA ilisema vingine, kwamba ndugu yake wa karibu kuliko wote ni nyani. Hakuweza kubaki ndani ya *Lophocebus*, na hakuweza kuingizwa kwenye jenasi ya nyani akiwa na fuvu lile. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, *Rungwecebus*, kwa jina la mlima. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika baada ya miaka 83.

Hii ndiyo sababu ya kulihifadhi neno nyani. Aliyemwita kipunji "nyani mpya" alikosea. Kipunji si nyani. Lakini ni jamaa wa nyani kuliko alivyo jamaa wa ngolaga, ingawa yeye na ngolaga walifanana kiasi cha mmoja kuandikwa kwa jina la mwenzake. Kima wetu wawili wanaoitwa mangabei, wanaoishi katika milima ya nchi moja, wamegawanyika kwenye shina: mmoja kaenda na mandrili, mwingine kaenda na nyani.

Mwaka 2009 jambo likazidi kina. Watafiti walisoma DNA ya mitokondria, ile ambayo mtoto huirithi kwa mama pekee, kutoka kwa kipunji wa Rungwe. Waliikuta imo ndani ya nyani wenyewe, karibu sana na nyani wa manjano wa kusini mwa Tanzania. Maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani za kale jike wa nyani alizaa na dume wa kipunji, watoto wakabaki na kundi la kipunji, na urithi wa yule bibi ukaenea kizazi baada ya kizazi mpaka ukafunika Rungwe. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakauliza kama kipunji mzima si zao la mchanganyiko huo.

Jibu lilitoka Ndundulu. Mwaka 2010 utafiti wa Trina Roberts na wenzake, Jones na Davenport wakiwemo, ulichunguza DNA ya kipunji wa huko, na alama ya nyani wa manjano haikuwepo. Kipunji wa Ndundulu walisimama pembeni, ndugu wa ukoo wote wa nyani, bila kuingiliwa. Kwa maneno mengine, urithi wa kike wa kipunji wa asili, uliofunikwa kule Rungwe, umehifadhiwa katika msitu huu mmoja.

Sasa weka hesabu juu ya habari hiyo. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 katika makundi 38. Kati yao 1,042 walikuwa Rungwe na Kitulo. Ndundulu walikuwa 75, makundi manne. Eneo lote wanalotumia, misitu yote pamoja, halikufika kilomita za mraba 20. Mtu anayeangalia jumla tu atasema Ndundulu ni asilimia saba, na kwamba nguvu zielekezwe kwenye wengi. Anayejua uainishaji hawezi kusema hivyo. Wale 75 si akiba ya Rungwe. Wakipotea, urithi wao hautapatikana kwa kuongeza idadi Rungwe, hata wakifika elfu tano.

Narudi kwenye namna wanavyokufa, maana hapa ndipo mifupa na meno yanapogeuka kuwa habari ya uhai. Ngolaga ana misitu miwili tu. Mmoja ni Mwanihana, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Wa pili ni Uzungwa Scarp, kusini zaidi, uliokaa miaka mingi kama msitu wa hifadhi wa kawaida kabla ya kupandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mwanihana kuna askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Makundi mengine ya ngolaga huko yamezoea watu kiasi kwamba wageni huongozwa kwenda kuwatazama. Uzungwa Scarp ulinzi ulikuwa haba, na wawindaji waliingia na mbwa na mitego ya nyaya. Mtego wa waya hutegwa chini, kwenye njia za funo, na hauchagui. Kima anayeshinda juu mitini hupita salama juu yake, lakini yule aliyeumbwa kwa mikono ya kupekua majani makavu hupita hapo hapo funo anapopita. Kinachomtambulisha ngolaga kwa mwanasayansi ndicho kinachompeleka mtegoni.

Na mbwa ni hatari ya namna hiyo hiyo. Mnyama aliyeko chini ana sekunde chache za kufika mtini.

Kipunji anamalizwa na msumeno zaidi ya waya. Mtu akikata mti mmoja mkubwa wa mbao, kwa mnyama anayesafiri kwenye vilele amekata daraja. Kati ya mlima Rungwe na msitu wa Livingstone kuna ushoroba mwembamba unaoitwa Bujingijila, uliochoka kwa ukataji na kilimo, na hapo ndipo kipunji wa pande mbili wangekutana kama miti ingetosha. Wapasua mbao na wachoma mkaa hawakuwa na habari kwamba wanakata nyumba ya jenasi nzima. Mkulima wa pembeni naye ana mahindi na ana watoto, na mtego uliomuua yule dume wa 2005 ulikuwa wa mtu anayelinda chakula chake. Hatua zimechukuliwa: Kitulo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ikijumuisha msitu wa Livingstone, Rungwe ikawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, na miti ya asili imepandwa katika ushoroba. Ni kazi ya miaka, kwa sababu kipunji hawezi kuvuka juu ya mche.

Kwa hiyo askari anayetaka kumsaidia ngolaga apite chini akikusanya nyaya. Anayetaka kumsaidia kipunji wa Rungwe aende Bujingijila na miche, na akae na wenye mashamba. Ukiwapa wote wawili mpango mmoja wa "kulinda mangabei", utamsaidia mmoja nusu na mwingine robo.

Ninachotamani kuona ni majina haya mawili yakirudi kwetu tuliokulia chini ya milima hiyo. Mtoto wa shule Mang'ula aseme ngolaga, asiseme "nyani wa mlimani". Mwenzake wa Tukuyu aseme kipunji, ajue kwamba neno hilo la babu zake limo katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Mwaka 1979 watu wa Sanje walimjua ngolaga kabla ya mtaalamu yeyote, na wawindaji wa Rungwe walimtaja kipunji huku wageni wakidhani ni hadithi. Hata pale Ndundulu, mbali na vijiji, kosa lililochukua miaka lilikuwa la kuandika jina bila kusikiliza mlio.

Leo hakuna anayemtafuta tena ngolaga Ndundulu. Asubuhi, kabla ukungu haujapanda, dume la kipunji hutoa ule mlio wake mzito kutoka juu ya mti, na kundi la pili, kama liko karibu, hujibu. Yalikuwa makundi manne walipohesabiwa.